Msiba ukitokea Marekani: ulizeni bei kabla ya kuanza kuchanga, na jueni nani mwenye sauti juu ya mwili

Mleta mada (Houston, Texas)

Nawasalimu nyote. Jambo hili limenikaa moyoni tangu tulipomzika kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyefia hapa Houston na kuzikwa kihambani kwetu Kilema, mkoani Kilimanjaro. Nimekuwa katibu wa kamati ya mazishi ya Watanzania wa hapa mara tatu sasa, na mara zote tatu nimeona kosa lile lile likifanywa na watu makini, watu ambao hawanunui hata gari kuukuu bila kuulizia kwanza sehemu mbili tatu. Simu ya kwanza hupigwa kwenye nyumba ya mazishi iliyo karibu na hospitali, bei hutajwa, mweka hazina huitangaza kwenye kundi la WhatsApp kuwa ndilo lengo la michango, na kuanzia hapo hakuna anayethubutu kuihoji, kwa sababu anayeihoji anaonekana kumbania marehemu. Naomba tuuache utaratibu huo, na nitaeleza kwa nini.

Kwa wale waliofika karibuni, nyumba ya mazishi ya huku si chumba cha maiti cha hospitali kama tulivyozoea. Nyumbani tunagawana kazi: mwili unahifadhiwa hospitalini, jeneza linanunuliwa kwa mafundi waliojipanga nje ya geti, ndugu wanaingia kuosha na kuvika, gari linakodiwa, na vijana wa mtaani wanachimba kaburi. Huku kazi karibu zote hizo zinafanywa na kampuni moja yenye leseni: inafuata mwili hospitalini, inauhifadhi, inaandikisha kifo serikalini, inatafuta vibali, inauza jeneza, na inautayarisha mwili kwa kuagwa au kwa safari. Wepesi wake ni mkubwa, hasa kwa mfiwa asiyejua aanzie wapi. Lakini kwa kuwa kila kitu kipo chini ya paa moja, ni rahisi kupewa furushi zima ukadhani halifunguliki.

Kaka alifariki alfajiri, na haikupita saa moja muuguzi akaja na fomu, akamwuliza shemeji, mke wa marehemu, jina la nyumba ya mazishi. Swali hilo ndilo linalotutia haraka. Nimekuja kujua baadaye kwamba hospitali nyingi zenye chumba cha maiti zinaweza kukaa na mwili kwa siku moja au zaidi wakati familia ikijipanga, na inatosha kujibu kwa adabu kwamba bado hatujachagua. Kifo kikiwa cha ghafla au cha ajali, mwili huchukuliwa kwanza na mchunguzi wa vifo wa kaunti, na hapo hata ukitaka kuharakisha huwezi. Hapa Texas sheria inataka mwili usiozikwa ndani ya saa 24 uwekwe kwenye baridi, utiwe dawa ya kuuzuia kuoza, au ufungwe kwenye chombo kisichovuja. Baridi inatosha. Sisi hatukulijua hilo, tukataja jina la kwanza lililotujia, na kabla ya saa nne asubuhi mwili ulikuwa umeshaondoka.

Kabla ya bei, kuna suala la nani anaamua, na hapa ndipo familia zetu zinapoumizana. Kwa mila yetu mwili ni wa ukoo, na mzee wa ukoo akisema amesema. Kwa sheria ya Texas anayetangulia ni mtu aliyeteuliwa na marehemu mwenyewe kwa maandishi. Asipokuwepo, ni mke au mume. Kisha watoto waliotimiza utu uzima, kisha wazazi, ndipo ndugu. Majimbo mengine yana utaratibu unaokaribiana na huo. Baba mdogo alinipigia simu kutoka Kilema akiwa na msimamo kwamba kikao cha ukoo kimeshakaa na mwili urudi, nami nikalazimika kumwambia, kwa heshima zote, kwamba nyumba ya mazishi haitasogeza hata kidole bila saini ya shemeji. Alinyamaza muda mrefu. Wakubwa wenzangu mtakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno kule Kenya, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987 tu, baada ya mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager kufikishana hadi Mahakama ya Rufani. Ukoo ulishinda. Laiti kesi ya namna hiyo ingesikilizwa huku Texas, mjane ndiye angekuwa na mahali pa kuanzia.

Kwetu mambo yalitulia kwa sababu shemeji mwenyewe alimpigia mama mkubwa na kumwambia, "Mama, mwanao anarudi nyumbani, lakini naomba mniachie siku nne watoto wamuage baba yao hapa." Mama mkubwa alikubali pale pale. Siku nzima ya ubishi wa wanaume kwenye kundi ilimalizwa na wanawake wawili kwa dakika tano.

Sasa bei. Tangu mwaka 1984 kuna kanuni ya serikali kuu, inayosimamiwa na tume ya biashara, FTC, inayozibana nyumba zote za mazishi za Marekani. Ukifika kwao na kuuliza kuhusu bei, wanatakiwa wakupe mkononi orodha ya bei zao iliyoandikwa, na uondoke nayo. Ukiuliza kwa simu, wanatakiwa wakujibu, bila kukulazimisha utaje jina lako kwanza. Una haki ya kuchagua huduma moja moja badala ya kununua furushi. Kitu kimoja tu hukiepuki, nacho ni ada ya huduma za msingi za msimamizi wa mazishi na watumishi wake. Ukinunua jeneza kwingine, hata mtandaoni, hawaruhusiwi kulikataa wala kukutoza ada ya kulipokea. Na kabla hujaoneshwa majeneza, unatakiwa uoneshwe kwanza orodha ya bei za majeneza.

Nilisoma haya usiku wa siku ya pili, nikiwa nimekaa jikoni kwa shemeji, na asubuhi nikapiga simu tatu. Swali langu lilikuwa moja: mnatoza kiasi gani kuutayarisha mwili na kuukabidhi kwa shirika la ndege kwenda Tanzania, bila jeneza, na ada ya shirika la ndege ikitajwa peke yake? Nyumba tuliyoanza nayo ilikuwa imetupa jumla ya dola 13,400, jeneza likiwemo. Nyumba ya tatu niliyoipigia, inayomilikiwa na familia moja ya Wanigeria na iliyozoea safari za Afrika, ilifikia dola 7,100 hata nilipoongeza bei ya jeneza. Tofauti hiyo ingelipa karo ya mtoto wa kaka kwa zaidi ya mwaka. Tungeweza kuuhamisha mwili, maana familia haifungwi na nyumba ya kwanza, ila ingebidi tulipie kazi iliyokwisha kufanyika. Wazee wa kamati waliona ni aibu "kumzungusha marehemu", na nikashindwa hoja. Ndiyo maana nasema simu zipigwe kabla mwili haujatoka hospitalini.

Wakati wa kupiga simu hizo, ulizeni pia mwenye nyumba ni nani. Kampuni kubwa kuliko zote katika shughuli hii Marekani, Service Corporation International, ina makao yake makuu hapa hapa Houston na inamiliki nyumba za mazishi zaidi ya elfu moja, nyingi zikiendelea kutumia majina ya familia zilizozianzisha. Si kosa. Lakini mtu anaweza kupiga simu nyumba tatu zenye majina matatu akadhani amelinganisha wafanyabiashara watatu, kumbe mmiliki ni mmoja. Kwa kipimo cha jumla, chama cha kitaifa cha wasimamizi wa mazishi, NFDA, kilitaja dola 8,300 kuwa bei ya kati ya mwaka 2023 kwa mazishi yenye kuaga mwili na kuzika, gharama za kaburi zikiwa hazimo. Ukitajiwa kiasi kinachozidi hapo sana, uliza kimetokana na nini.

Nitawaeleza kilichotokea kwenye chumba cha majeneza, kwa sababu sitakisahau. Ni chumba chenye zulia zito, majeneza yamepangwa ukutani, nusu ya juu ya kila moja imefunuliwa, na juu ya kila moja kuna taa ndogo ya manjano. La kwanza mlangoni lilikuwa la shaba, linang'aa kama chombo cha kanisani. Shemeji aliweka kiganja juu ya mto mdogo mweupe ulio ndani yake, akaubonyeza taratibu kama anayejaribu godoro la mtoto, akaniuliza kwa Kiswahili, "Shemeji, hapa atalala vizuri?" Msimamizi hakuelewa maneno lakini alielewa mkono. Akasema kwa upole kwamba familia nyingi huchagua hilo, na kwamba lina mpira unaozuia hewa na maji, hivyo litamhifadhi. Kanuni niliyoitaja inakataza kumwambia mteja kwamba jeneza lenye mpira litauhifadhi mwili kwa muda mrefu kaburini. Nilikuwa nalijua hilo, na orodha ilikuwa mfukoni mwangu. Sikusema chochote, kwa sababu ya ule mkono juu ya mto. Tulichukua la chuma lililofuata kwa bei, dola 4,600, na mpaka leo najilaumu kwa ukimya ule. Kila familia inayoingia chumba kile iende na mtu mmoja anayempenda marehemu lakini asiyelia siku hiyo, na yeye ndiye ashike orodha.

Mambo ya safari ni marefu, nitagusa machache. Shirika la ndege halipokei mwili kutoka kwa familia; linapokea kutoka kwa nyumba ya mazishi iliyosajiliwa kuwa msafirishaji anayetambulika kwa taratibu za usalama wa anga, kwa hiyo ulizeni kama wamesajiliwa na kama wamewahi kupeleka mwili Afrika Mashariki. Nyaraka zetu zilikuwa cheti cha kifo, cheti cha kutiwa dawa, barua ya kwamba marehemu hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, kibali cha kusafirisha mwili, na pasipoti yake, na ubalozi wetu Washington ulihusika pia. Wapigieni ubalozi siku ya kwanza, hata kama tarehe ya safari bado haijulikani. Jina la marehemu lifanane kwenye karatasi zote, herufi kwa herufi. Cheti cha kifo ombeni nakala halisi nyingi. Sisi tulichukua sita na zikapungua, kwa sababu bima, benki na ofisi nyingine kila moja ilitaka ya kwake.

Na sasa jambo ambalo hakuna aliyetuambia. Jeneza la Kimarekani ni kubwa: urefu wake unafika kama mita 2.1 na upana unazidi sentimita 70. Kule Kilema vijana walikuwa wamechimba kwa kipimo cha majeneza yetu. Ibada ikiwa imekwisha, watu wamesimama katikati ya migomba, kamba zikashushwa, na jeneza likakwama mdomoni mwa kaburi. Likatolewa, likawekwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na majembe yakaanza upya huku mama mkubwa amekaa kwenye kiti anatazama. Ilichukua karibu dakika arobaini. Usiku uliotangulia, lilipofikishwa nyumbani, halikufunguka pia, kwa sababu majeneza hayo hufungwa kwa ufunguo wa kuzungusha na hatukuwa nao. Mama mkubwa alilala usiku ule bila kuuona uso wa mwanawe.

Mchangiaji wa pili (Columbus, Ohio)

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni sana, na ahsante kwa kuandika. Naomba niongeze kwa upande wetu Waislamu, maana tuna nafuu ambayo wengi hawaijui. Mama yetu alifariki hapa, asili yetu Unguja, na tulimzika siku ya pili yake baada ya sala ya adhuhuri. Hatukumtia dawa. Msimamizi wa kwanza alituambia ni lazima, nasi tukamwomba atuoneshe sheria hiyo, akasema ni utaratibu wa nyumba yao kwa wanaotaka kuaga jeneza likiwa wazi. Kwa kuwa hatukutaka hilo, tuliondoka. Msikiti ulikuwa na makubaliano na nyumba nyingine ya mazishi inayotoa chumba cha kuoshea, na dada zangu wawili na mama mmoja wa Kisomali ndio waliomwosha na kumkafini.

Jambo la kuuliza ni makaburi. Makaburi mengi ya huku yanadai kila jeneza liwekwe ndani ya boksi la zege ili ardhi isibonyee, na wanalisema kana kwamba ni sheria. Kwa kawaida ni kanuni ya mwenye makaburi. Kwetu walikubali boksi lisilo na chini, linalofunikwa kutoka juu, hivyo mama amelala juu ya udongo, kwa ubavu wake wa kulia, ameelekea kibla. Kumbukeni pia kwamba kanuni ya FTC aliyoieleza mleta mada inahusu nyumba za mazishi. Makaburi yanayouza viwanja tu hayamo, kwa hiyo bei ya kaburi na ya kulifungua na kulifukia iulizeni peke yake. Sisi gharama hiyo ilizidi ya nyumba ya mazishi.

Mchangiaji wa tatu (Minneapolis)

Poleni, ndugu. Mimi ni Mkenya, na kwetu harambee ya msiba ni jambo la lazima, lakini nimeona fedha zikileta uhasama kuliko kifo chenyewe. Akaunti ya GoFundMe, ule mtandao wa kuchangisha fedha, iwe na mjane au mtoto mkubwa kama mpokeaji tangu siku ya kwanza. Isifunguliwe na rafiki kwa jina lake akiahidi kukabidhi baadaye. Iandikwe wazi fedha zitafanya nini zikizidi.

La pili ni kuandika matakwa yetu tungali hai. Charles Njonjo, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, alifariki alfajiri ya tarehe 2 Januari 2022, na asubuhi ile ile mwili wake ukachomwa pale Kariokor, Nairobi, kama alivyoagiza. Watu wengi walishtuka, na mimi pia nisingechagua hivyo, lakini hakuna aliyegombana, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshasema. Sisi tunaoishi huku tunakimbia mazungumzo hayo kana kwamba kuyataja ni kujitabiria.

Swali langu kwa mleta mada: je, ingekuwa bora mtu alipie mazishi yake mapema mwenyewe kwenye nyumba ya mazishi? Mimi nimeletewa mkataba wa namna hiyo.

Mchangiaji wa nne (Dallas)

Poleni sana. Nina maswali mawili, na naomba nisieleweke vibaya. Kwanza, wazee watatuonaje tukinunua jeneza la bei nafuu mtandaoni? Pili, ule ufunguo ulikuwa wapi?

Mleta mada

Nawashukuru wote, na hasa dada wa Columbus. Habari ya boksi la zege sikuijua.

Kuhusu kulipia mapema, nitasema ninavyoona mimi. Mkataba wa namna hiyo unamfaa mtu aliye na uhakika atazikwa mji ule ule anaoishi. Sisi tunahama kwa ajili ya kazi, tunabadilisha majimbo, na wengi wetu hatujaamua hata kama tutazikwa huku au nyumbani. Kabla ya kutia saini, uliza kama mkataba unahamishika kwenda nyumba nyingine, kama bei imefungwa au itapanda, na fedha zako zinawekwa wapi. Mimi nimechagua bima ya maisha inayomtaja mke wangu, pamoja na karatasi ya kumteua msimamizi wa mwili wangu, iliyotiwa saini mbele ya mthibitishaji kama Texas inavyotaka. Nakala ipo kwa mke wangu na nyingine kwa baba mdogo Kilema, ili siku hiyo asisikie habari kutoka kwa katibu wa kamati.

Kuhusu wazee, nilimwuliza baba mdogo swali hilo hilo baada ya arobaini. Nilimweleza kwamba jeneza lile liligharimu dola 4,600 na kwamba tungeweza kupata la chuma, imara vile vile, kwa karibu theluthi moja ya bei. Akaniuliza ni shilingi ngapi. Nilipomwambia, alikaa kimya akitazama upande wa kaburi, kisha akasema kwamba kwa fedha ile wangemaliza nyumba ya mama mkubwa, ambayo kaka alikuwa ameianza na mpaka sasa imeishia kwenye linta. Nadhani tunawasingizia wazee mambo mengi tunayoyaogopa sisi wenyewe.

Na ufunguo. Ulikuwa umebandikwa kwa gundi ya karatasi ndani ya bahasha kubwa ya nyaraka, nyuma kabisa, na bahasha ile ilibaki kwa wakala wa forodha pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kijana alitumwa kwa bodaboda hadi Himo, akapokea bahasha kwa mtu aliyetoka nayo uwanja wa ndege, akarudi saa kumi na moja alfajiri. Ni chuma chembamba kilichopinda, kirefu kidogo kuliko kiganja. Kinaingia kwenye tundu dogo upande wa miguuni, unakizungusha mara nyingi, taratibu, mpaka usikie mpira unaachia. Mama mkubwa alikuwa ameshaamshwa na kuketishwa karibu. Ombeni ufunguo huo mkononi kabla gari halijaondoka kwenda uwanja wa ndege, na apewe yule ndugu anayesafiri na mwili, auweke kwenye mkoba wake mwenyewe.